Badri Atasoma Jumapili

Darasani kwangu nina mshumaa. Siuwashi kwa sababu ya giza. Madirisha ya shule yetu ni mapana na jua la Garissa halisubiri kukaribishwa. Nauwasha kwa ajili ya herufi moja. Mtoto anasimama mbele ya mwali, midomo karibu, anasema "paka". Mwali ukiinama, amesema p. Ukibaki umesimama wima, amesema "baka", na darasa zima linacheka, nami nacheka nao, maana hao ni watu wa ulimi wangu. Kisomali hakina p. Sisi tunabika bilau, tunabanda bikibiki, na tukichelewa tunaomba bole.

Mwezi uliopita nilikuwa nasahihisha insha za darasa la nne. Msichana mmoja, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, alikuwa ameandika: "Siku ya wageni, badri alikuja shuleni kwetu." Kalamu nyekundu ikasimama hewani. Wiki hiyo hiyo, kwenye kundi la simu la mtaa wetu wa zamani, palikuwa na habari kwamba kanisa dogo la matofali, lile la enzi za mkoloni, lina nyufa zisizozibika tena na litabomolewa ili pajengwe kubwa. Watu waliweka alama ya dole gumba, wakaendelea kubishana kuhusu mvua. Mimi niliinuka nikazima mshumaa, na harufu ile ya utambi uliozimwa ikanirudisha dirishani pa kanisa lile, nikiwa na miaka minane, roho mkononi, nikiamini kwamba bibi yangu anakufa kwa kosa langu.

Kanisa lilikuwa mwisho wa bulla yetu, kama tunavyoita mitaa hapa, upande wa nyumba za zamani za serikali. Lilikuwa jengo fupi, nene, rangi ya udongo wa Tana, kwa sababu matofali yake yalifinyangwa na kuchomwa kando ya mto na wafungwa wa mkoloni. Lilijengwa kwa ajili ya maofisa wachache na askari waliotoka bara, na mkoloni alipofungasha virago likabaki na walimu, wauguzi na askari magereza, ambao nao walitoka bara. Saa sita mchana mabati yake yalialika kwa joto hadi ukadhani kuna mtu anatembea juu. Karibu na mlango palikuwa na tofali lenye alama za vidole vinne, vya mfungwa aliyelishika kabla halijakauka. Kila nilipopita nilitia vidole vyangu humo kuona kama nimekua. Vilikuwa vinaelea.

Nilipita kila asubuhi kwa sababu ya maziwa. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Ayeeyo, alikuwa na mbuzi kumi na kitu na ulimi usiokosa kazi. Akimaliza kukamua, chupa ya kwanza kabisa, kabla yetu, kabla ya mdogo wangu aliyekuwa bado anatambaa, ilikuwa ya kanisani. "Ya Badri kwanza," alisema, nami nikatumwa. Na hakuwahi kukubali kulipwa na nyumba ile. Siku moja Hooyo, mama yangu, alimwuliza sababu, na Ayeeyo akamjibu kwamba maziwa hayo yanajua njia yao, na kama Hooyo ana swali jingine akaulize mbuzi.

Huyo Badri ndiye aliyekuwa padri. Sikujua kwamba ana jina jingine. Alikuwa mzee mrefu, mtu wa Mwingi, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kisogo, na viatu vyake vya plastiki vilikuwa kama vya watu wote wa Garissa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kikamba kama chetu kilivyokuwa cha Kisomali, tukakutana katikati kwa nia njema. Akipokea chupa alisema "Asante, mama," akiniita mama mimi wa miaka minane, nami nikarudi nyumbani nimerefuka.

Tatizo ni kwamba nilikuwa najua Badri nyingine. Mtaani, mtu akiibiwa na mwizi asipatikane, alitishia kusoma Badri: yaani kusoma majina ya watu waliopigana vita vya Badri na kumwachia Mungu mwizi huyo. Wapo masheikh waliokemea jambo hilo tangu zamani, lakini habari zao hazikutufikia sisi watoto wa dugsi, madrasa yetu ya miti na mkeka. Zilizotufikia ni habari za tumbo. Fulani aliiba punda, ikasomwa Badri, tumbo likamvimba. Mwingine aliiba beseni, ikasomwa, mdomo ukahamia sikioni. Na mbaya kuliko yote, tuliambiana, Badri haichagui. Ikimkosa mwizi inampata anayelala naye chumba kimoja.

Basi Jumapili moja nilikuwa napita nyuma ya kanisa nikasikia kitu kilichonisimamisha. Ndani, sauti ya yule mzee ilitaja jina, na watu wote wakaitikia. Ikataja jina jingine, wakaitikia. Jina, na jibu, jina, na jibu, majina hayaishi. Leo najua kwamba Wakatoliki wana sala ya kuwataja watakatifu wao mmoja mmoja. Siku ile nilielewa jambo jingine kabisa, na nilielewa kwa mara moja, kama mtu aliyefumbuliwa macho: ndiyo maana anaitwa Badri. Kusoma ndiyo kazi yake. Amepewa nyumba nzima ya kusomea.

Nikamheshimu maradufu na kuanza kumkabidhi chupa kwa mikono miwili.

Sasa nieleze kuhusu Adey. Alikuwa mbuzi mdogo, mweupe mtupu, mama yake alikufa akimzaa na mimi ndiye niliyemlea kwa chupa. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mdogo wangu, na sioni haya kusema, kwa kuwa mdogo wangu alijua baadaye na ameshanisamehe. Lakini Adey alikuwa na kasoro moja: hakukaa. Kundi likienda huku, yeye alikwenda kule, akaingia vichaka vya mathenge, nasi tukamtafuta mpaka maghribi. Alipopotea mara ya tatu, Ayeeyo alisema mara ya nne atamwuza, kwa sababu mnyama usiyejua alipo si mnyama wako. Ayeeyo hakuwa mtu wa kusema kitu kwa ajili ya kupasha koo moto.

Kila mtu aliyekulia kwenye familia ya wafugaji anajua dawa ya mnyama anayepotea. Ngamia mwenye tabia hiyo anavalishwa koor, kengele ya mti inayoning'inia shingoni, na akienda popote anasikika. Mimi sikuwa na koor. Lakini Jumatano ile nilipopeleka maziwa, mlango wa kanisa ulikuwa wazi, Mama Mwende, mama aliyesafisha na kupika pale, alikuwa amekwenda kuchota maji, na juu ya ngazi ya mlango, kando ya ufagio na kitambaa cha kung'arishia, palikuwa na kengele ndogo ya shaba yenye mshikio. Ilikuwa inang'aa. Nilitazama huku, nikatazama huku, nikaitia ndani ya shungi langu.

Kumfunga Adey ile kengele kulikuwa kazi rahisi. Ugumu ulikuja alipotikisa shingo. Ililia kwa sauti ambayo mtaa mzima uliijua, maana Jumapili ilisikika mpaka kwenye jiko letu. Nikashikwa na hofu. Nikachana kipande cha shungi la zamani la Ayeeyo, lile la maua ya manjano, nikakisokomeza ndani ya kengele mpaka ikanyamaza kabisa. Nikaridhika. Nilikuwa nimemfunga mbuzi kengele ili asikike, na nimeiziba kengele ili isisikike, na sikuona kasoro yoyote katika mpango huo. Jioni hiyo hiyo Adey akapotea.

Alhamisi Mama Mwende alisimama kwenye ua wetu, kanga kiunoni, akiongea na Ayeeyo. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia.

"Kengele ya altare imechukuliwa," alisema. "Hamjaona mtoto akicheza nayo? Padri amesema kama haijarudi, atasoma Jumapili."

"Badri itasoma Jumabili?" Ayeeyo akauliza.

"Eeh. Ibada ya kwanza. Atasoma mbele ya watu wote."

"Fizuri," akasema Ayeeyo. "Mwizi asikie."

Nilikaa chini pale pale nyuma ya pazia. Leo naweza kukueleza kwamba Mama Mwende alikuwa anazungumzia tangazo. Padri angesoma tangazo la kengele iliyopotea baada ya matangazo ya kwaya na kabla ya yale ya ndoa. Lakini aliyesema neno hilo alisema kwa p, na aliyelirudia alirudia kwa b, na mimi niliyekuwa katikati nilikuwa na sikio la b. Nilishika tumbo langu kupima kama limeanza.

Siku nzima nilimtafuta Adey kwenye mathenge, miiba ikanichora miguu. Nilisimama kila baada ya hatua kumi kusikiliza kengele ambayo mwenyewe nilikuwa nimeinyamazisha.

Ijumaa asubuhi Ayeeyo hakuamka kukamua.

Hilo halikuwahi kutokea maishani mwangu. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, mkeka wangu chini ya kitanda chake, na nilisikia meno yake yakigongana. Hooyo alimfunika mablanketi mawili katika joto lile, naye akaendelea kutetemeka. Alipofungua macho alinitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Hooyo alisema ni malaria. Mimi nilijua ni nini. Badri haikungoja hata Jumapili. Imeshaanza kazi, na imemkosa mwizi, imempata anayelala naye. Mtu pekee aliyenipa mgongo wake niulalie nikiogopa, nilikuwa nimemuua kwa ajili ya mbuzi. Sikulia. Nilikuwa nimevuka kulia, nikafika mahali pakavu.

Jumamosi alasiri nilienda kanisani mikono mitupu. Padri alikuwa amekaa nje, upande wa kivuli, anaokota mawe kwenye sinia la pojo. Nikasimama mbele yake.

"Badri," nikasema, "kesho usisome."

Akashusha miwani. "Nisisome?"

"Usisome."

"Sasa, mama, nisiposoma Jumapili nitafanya nini? Watu wanatoka mbali. Kusoma ndiyo kazi yangu."

Maneno hayo yalinimaliza. Alikiri kwa kinywa chake. "Basi soma nusu," nikamwambia.

"Nusu gani?"

"Ile haiui."

Aliweka sinia chini. "Nani anakufa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ndipo machozi yakaja yote pamoja, na nikamweleza kwa Kiswahili changu cha kuokoteza: kengele ni mimi nilichukua, Ayeeyo hana makosa, lakini nalala na yeye chumba moja, na Badri haichagui, na mtu aliiba bunda, tumbo yake ikafura. Aliniuliza polepole, hili nini, hili nini, mpaka akafika chini ya kisima. Ila kwamba Ayeeyo ameshaanza kuugua, hilo lilizama kwenye machozi, akadhani naogopa ya kesho. Na hakucheka. Watu wengi nikiwasimulia kisa hiki wanacheka hapa, nami nawaacha, lakini yeye hakucheka. Alitoa leso akanipangusa pua kama mtu aliyezaa.

"Mimi siyo ile Badri yenu," akasema. "Mimi ni padri tu. Mimi nasoma watu wapone. Sijui kusoma ya kuua, na kama ningejua singeisoma. Umesikia?"

Nilisikia, ila sikuamini bado. Akainuka akaenda nyuma ya jiko, akarudi anavuta kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Adey, ameshiba, hana habari na dunia.

"Huyu amekula maua ya Bikira Maria tangu juzi jioni," akasema. "Mama Mwende alimkuta mbele ya altare. Nikasema, ngoja, mwenye mbuzi atakuja." Akapiga magoti, akaishika ile kengele shingoni mwa Adey, akavuta kitambaa cha maua ya manjano kilichokuwa ndani. Kikatoka, kirefu kuliko alivyotarajia. "Umeziba wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Isilie."

"Na ulimfunga kengele kwa nini?"

"Nimsikie akipotea."

Hapo sasa ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akavua miwani, akacheka bila miwani. Kisha akasimama, bado anajifuta macho, akaniambia nisiondoke. Alipotoka ndani alikuwa ameshika koor ya ngamia, kubwa, nyeusi kwa uzee, imepasuka kidogo ukingoni. Akaigeuza nione ndani. Ilikuwa imejaa nyasi kavu, zimesokomezwa mpaka juu.

"Ukoo wenu na kuziba kengele," akasema.

Alinisimulia aliyosimuliwa yeye na mapadri waliomtangulia. Kanisa lilikuwa bado linajengwa, kuta zimesimama, paa bado. Serikali ya mkoloni ilikuwa inakamata ngamia. Mtu mmoja akikosa, mifugo ya ukoo mzima inachukuliwa. Mchungaji mmoja alikuwa na mtoto mchanga ambaye mama yake alikufa kwa uzazi, na kilichomweka hai mtoto yule ni maziwa ya ngamia jike mmoja tu. Askari walipofika, mchungaji alikimbilia kwa padri wa wakati ule, mzungu, na yule mzungu, sijui aliwaza nini, akafungua mlango. Wakamwingiza ngamia ndani ya kanisa lisilo na paa, wakamlaza mahali palipokuja kuwa altare, na mchungaji akaijaza koor yake nyasi ili isilie. Askari walipita nje ya ukuta. Ngamia hakusikika. Jioni mchungaji aliivua koor na kumwachia padri. Alisema nyumba hii imemficha mnyama wangu, basi ivae kengele yake.

"Huyo mtoto mchanga," padri akasema, "ndiye ananiletea maziwa kila siku."

Nilikuwa mtoto, lakini hesabu hiyo niliiweza. Kama ngamia yule angelia, hakuna Ayeeyo. Na bila Ayeeyo hakuna Hooyo, hakuna mimi. Nikatazama ukuta ule mnene kwa macho mengine. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto yule mchanga anatetemeka chini ya mablanketi mawili, nikamwambia padri.

Akanitazama. "Tangu lini?"

"Jana."

Hakumaliza hata kusikia. Gari la kanisa lilikuwa kuukuu, la kusukumwa, na siku ile lilisukumwa na Mama Mwende na mimi, Adey akitufuata. Tulimchukua Ayeeyo nyumbani, Hooyo akamwegemeza, na mpaka jua linatua alikuwa hospitalini, ana sindano ya maji mkononi. Daktari alimwambia Hooyo kwamba siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Hooyo akanishika bega, akanishukuru kwa kwenda kumwita padri. Sifa ile imenikaa vibaya mpaka leo.

Jumapili nilisimama nje, chini ya dirisha la kanisa. Harufu ya mishumaa ilitoka na joto la watu. Walisoma yao, wakaimba yao, kisha padri akasema, kwa sauti niliyoijua, kwamba kengele imerudishwa na jirani na tunamshukuru, na sasa tumwombee jirani yetu mgonjwa. Nikabana pumzi. Akasoma jina: "Imbando."

Watu wote wakaitikia.

Ayeeyo aliitwa Ibado, na jina hilo kwa Kisomali linaanzia ndani kabisa kooni. Mkamba wa watu alilivalisha herufi za kwao na kuliacha bila koo. Alasiri nilipompelekea Ayeeyo habari hospitalini, alikuwa tayari ana nguvu za kukunja uso.

"Wamesoma jina langu?"

"Wamesoma."

"Walisemaje?"

Nikamwambia.

"Huyo Imbando ni nani?" akauliza. Akatazama ile chupa ya maji inayodondoka. "Kwa hiyo huko Mwingi kuna mwanamke anaitwa Imbando, leo ameamka mzima anacheza ngoma, na mimi niko hapa na sindano. Dua ni dua. Yeye aombe kwa njia yake, mimi nina yangu. Lakini jina ni langu. Nenda ukamfundishe."

Ndivyo nilivyopata mwanafunzi wangu wa kwanza. Kila asubuhi wiki ile, baada ya maziwa, tulikaa kwenye ngazi ya kanisa. Nilimshika mkono nikauweka kooni pangu asikie jina linapoanzia. Nikamwambia, jifanye unataka kukohoa halafu umeghairi. Alijitahidi, yule mzee, hadi Mama Mwende akamletea maji. Naye hakukubali kufundishwa bure. Siku ya pili aliingia ndani akatoka na mshumaa, akauwasha, akaushika mbele ya mdomo wangu.

"Sema padri."

"Badri."

"Mwali haujakusikia. Sema tena. Uupulize kidogo tu."

"Badri."

"Tena."

Siku ya nne mwali uliinama. Nilishtuka kiasi kwamba niliuzima kabisa, moshi ukanipanda puani, nikalisema neno lile tena na tena bila mshumaa, padri, padri, padri, mpaka akaniomba nimwache apumzike. Hofu yote ya wiki ile ilitoka katika pumzi ndogo kiasi hicho.

Ayeeyo aliporudi nyumbani, padri alimpelekea ile koor. Ayeeyo aliipokea, akatia pua ndani, akanusa muda mrefu. "Nyasi bado iko," akasema. Akamwambia padri, "Wewe baki na kengele yako ile ndogo. Hii nitaweka mimi." Hakuzitoa nyasi, na hakuna aliyethubutu kuzitoa. Jumapili iliyofuata aliketi kwenye kigoda nje ya ua wetu, uso kanisani, na upepo ulikuwa mzuri. Sijui kama kweli alisikia jina lake likisomwa. Alipoingia ndani alisema tu, "Afadhali," akaenda kukamua.

Wote wawili wamekwenda. Padri alizeekea kwao, na habari zake zilinifikia mazishi yakiwa yameshapita. Ayeeyo alikwenda mwaka mmoja wa ukame, ameshika mkono wangu, na akaniachia koor. Adey naye aliishi miaka mingi, akazaa, na hakuacha kupotea.

Juzi niliichukua ile koor nikaenda nayo kanisani kabla ya mafundi kuanza. Siku hizi getini kuna askari wawili na kifaa cha kukagua watu, na wote tunajua kwa nini. Mwanamke mwenye jilbabu na mfuko mzito hapiti hivi hivi, na siwalaumu. Walipitisha kifaa juu ya mfuko mara mbili. Hakikulia, maana mti haulii. "Ni nini hii, dada?" mmoja akauliza. Nikamwambia ni kengele ya kanisa. Akaitazama, akanitazama, akaenda kumwita padri.

Padri wa sasa ni kijana wa Busia, ana daftari, anaandika historia ya kanisa kabla ya kuta kuanguka, na amekuta vitabu vinataja majina ya wazungu tu. Tulikaa kwenye ngazi. Nilimwonyesha tofali la vidole vinne. Vidole vyangu sasa vinajaa humo sawasawa, kama vilivyokuwa vya yule mfungwa. Akaahidi fundi atalitoa kwanza. Nikamkabidhi koor, nikamweleza kwamba wa kwanza kulala ndani ya nyumba hii alikuwa ngamia jike. Aliandika haraka, kalamu ikakwaruza. Nilimweleza kengele ya shaba pia, na kitambaa, kwa sababu historia isiyo na mwizi sijawahi kuiamini.

Ile insha ya mwanafunzi wangu, kama unauliza, nilisahihisha. Badri nikaiwekea duara jekundu, nikaandika p pembeni. Kazi ni kazi.

"Na huyo mtoto mchanga aliitwa nani?" padri kijana akauliza pale kwenye ngazi.

Nikamtajia. Akaandika, kisha akasoma alichoandika, "Ibado," jepesi, la juu juu, jina la mwanamke mwingine kabisa, labda wa Busia. Ningeweza kuliacha. Alikuwa kijana mwenye adabu na jua lilikuwa kali. Lakini nilimsikia Ayeeyo na sindano yake mkononi, akiuliza huyo ni nani. Nikamwambia padri aweke kalamu chini, aweke mkono kooni, ajifanye anataka kukohoa halafu ameghairi.

Alisoma mara tano. Ya sita, alikuwa ni Ayeeyo.